Kigoma hadi Gombe na Mahale: gharama iko kwenye boti, si getini

Anayepanga kwenda kuona sokwe akitokea Kigoma huanza kwa kuuliza kiingilio. Kwa Mtanzania, swali hilo halimsaidii sana. Ukiwa na kitambulisho cha NIDA, kibali cha siku moja hakifikii hata bei ya dumu moja la petroli la lita 20. Kinachoamua kama safari itakugharimu laki au milioni ni chombo utakachopanda, mtagawana watu wangapi, na kitakuacha huko usiku mangapi. Nimezitumia njia zote za kawaida za kufika hifadhi za Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, na tathmini yangu hapa inahusu usafiri zaidi kuliko sokwe wenyewe, maana hao hawajawahi kuwa tatizo.

Nianze na Gombe. Mpaka wake wa kusini uko kama kilometa 16 kaskazini ya mji, na hakuna barabara inayoingia. Boti za abiria zinaondoka Kibirizi, mwendo mfupi wa boda kutoka stesheni, kati ya saa sita na saa nane mchana, zikijaa. Zinakwenda vijiji vya mwambao hadi Mwamgongo na Kagunga karibu na mpaka wa Burundi, na njiani zinakushusha Kasekela, yalipo makao ya hifadhi. Nauli ni ya wanakijiji, elfu kadhaa tu. Safari huchukua saa tatu hivi, wakati mwingine nne, kutegemea vituo na mizigo. Utakaa juu ya magunia, jua la utosi, kwa hiyo kofia na maji ni lazima. Ukifika Kibirizi na begi la mgongoni, wa kwanza kukupokea atakwambia boti ya abiria imeshaondoka, ukodi spesho, yaani boti nzima. Mpite, shuka hadi ufukweni ujionee mwenyewe. Jumapili hakuna boti, na hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Boti ya abiria ni rahisi, ila ratiba yake ina mtego. Unafika Kasekela alasiri, sokwe hawafuatiliwi saa hizo. Asubuhi inayofuata boti ya kurudi Kigoma inapita mapema, kama saa moja, wakati ambao nawe unapaswa kuwa unaingia msituni. Kwa hiyo huna budi kulala usiku wa pili. Kwa Mtanzania hilo halina shida: kibali cha pili ni nafuu, banda la TANAPA, shirika la hifadhi, pale Kasekela linatosha, na siku ya ziada unaweza kupanda hadi maporomoko ya Kakombe. Kwa mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki hesabu inapinduka. Kibali cha mtu mzima Gombe ni dola 100 kwa saa 24, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa dola 118. Saa zikihesabiwa tangu anaposhuka ufukweni, siku mbili ni dola 236. Yaani boti ya elfu chache imemwongezea dola 118. Mgeni wako akisisitiza kusafiri kama wenyeji ili abane matumizi, muulize kwanza getini saa zinaanza kuhesabiwa wapi, kisha mpigieni hesabu kwenye karatasi. Mara nyingi spesho ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo ndiyo nafuu kwake.

Sasa spesho yenyewe. Boti ya mbao yenye injini ya nguvu farasi 40, ikiwa na watu sita na mizigo yao, inakula lita 15 hivi kwa saa ikikazwa. Hadi Kasekela ni kama saa mbili. Kwenda na kurudi ni lita 60. Tuchukue petroli shilingi 3,000 kwa lita, kwa ajili ya hesabu tu (EWURA hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Kigoma haijawahi kuwa kwenye bei za chini): hiyo ni 180,000. Mkiwa sita ni 30,000 kwa kichwa. Ukiwa peke yako ni yako yote. Injini za mizunguko miwili zinachanganywa oili kwa uwiano wa 50 kwa 1, hivyo lita 60 zinataka lita 1.2 za oili, na mwenye boti asipoitaja leo ataitaja kesho. Juu ya hapo kuna ujira wa nahodha na msaidizi wake, na fidia ya siku ikiwa boti italala. Sitisha maelewano hadi mambo haya manne yatajwe kwa bei moja: mafuta, oili, ujira, kulala. Ugomvi mwingi ninaousikia ufukweni unatokana na neno "mafuta juu yako" kutamkwa mkiwa tayari majini.

Mafuta ya akiba ni theluthi juu ya hesabu. Kwa Gombe beba madumu manne ya lita 20, usikubali matatu. Sababu ni upepo: kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unalipiga ziwa, na kwa anayerudi Kigoma kutoka Gombe unakuja usoni. Asubuhi huwa shwari kiasi, mchana mawimbi yanapanda, na safari ya saa mbili inakuwa ya tatu. Injini yenyewe huharibika kwa sababu zilezile. Maji yaliyoingia kwenye dumu yanaisonga, basi hakikisha petroli inamiminwa kupitia chujio au kitambaa. Plagi zikilowa oili injini haiwaki, basi nahodha awe na plagi za akiba na spana yake. Injini ikishawashwa, tazama kama maji ya kupoza yanatoka kwa nyuma, yasipotoka msiondoke. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, vipe, yaani vyombo vya wavuvi wa dagaa, vinatoka na taa, na nyavu zinatanda kila mahali. Pangaboi ikinasa wavu ni saa nzima ya kukata nyuzi kwa kisu, na mwenye wavu anadai chake. Majaketi ya kujiokolea yahesabiwe kabla ya kupanda, moja kwa kila mtu, nayo yawe yamevaliwa, si kukaliwa.

Mahale ni habari nyingine kabisa. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1985, ina kilometa za mraba 1,613, na mlima Nkungwe unafika mita 2,462. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kazi huko mwaka 1965, miaka mitano baada ya Jane Goodall kushuka Gombe. Kwa macho yangu Mahale ni nzuri zaidi: msitu ni mkubwa, ufukwe ni mweupe, watu ni wachache. Kiingilio cha mgeni ni dola 80, na VAT inafika 94.40, chini ya Gombe. Watu wanaona namba hiyo wanafurahi. Kisha wanakutana na kilometa 120 na ushei za maji.

Kwa boti ileile ya mbao ni saa kumi, ziwa likikubali. Lita 150 kwenda, 150 kurudi, jumla 300, yaani shilingi 900,000 za petroli peke yake kabla ya akiba. Mkiwa sita, 150,000 kila mmoja, mara tano ya Gombe. Madumu 15 nayo ni mzigo: yanakula nafasi ya abiria wawili na boti inazama zaidi majini, inapunguza mwendo. Na kwa kuwa siku moja imeishia njiani, kibali kimoja hakitoshi. Ile nafuu ya dola 23.60 iliyokuvutia getini imeshachomwa kabla hamjapita kijiji cha Ilagala. Boti ya faiba yenye injini mbili inafupisha safari hadi nusu, ila mafuta hayapungui kwa nusu.

Wapo wanaopita nchi kavu, barabara ya Simbo na Ilagala kuelekea Kalya, wanavuka Malagarasi kwa kivuko, kisha wanachukua boti fupi kutoka vijiji vya jirani na hifadhi. Kiangazi njia hii inapunguza petroli ya majini sana na ndiyo ningemshauri kijana mwenye subira. Masika usijaribu, gari likinasa, gharama ya kulivuta inaweza kuzidi spesho. Ndege ndogo za kukodi zinatua Mahale, mara nyingi zikiunganishwa na Katavi, lakini hizo ni za wateja wa kambi za kitalii, na bei yake haimhusu msomaji anayehesabu madumu.

Kwa hifadhi zote mbili, lipa ukiwa mjini. Malipo ni kwa namba ya serikali kupitia simu au benki, na mtandao wa ufukweni haueleweki. Kundi la kufuatilia sokwe halizidi watu sita, na muda wa kukaa nao ni saa moja. Ada ya mwongoza wageni hulipwa kwa kundi, sababu nyingine ya kutafuta wenzako. Mwenye mafua au kikohozi hapaswi kwenda, kwani magonjwa yetu yanawaua sokwe. Gombe chakula kifungiwe ndani. Nyani wa Kasekela wanaujua mfuko wa mkate kwa mlio wake. Na watoto: Gombe walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kufuatilia sokwe, Mahale ni chini ya 12. Familia yenye watoto wa shule ya msingi itumie pesa yake Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone na ufukweni Katonga. Kuwabeba hadi Kasekela wakabaki bandani na mama yao ni hasara.

Nije kwenye kubahatisha yajayo, ambayo ndiyo mjadala wa kila kijiwe hapa. Reli ya kisasa imefika Dodoma tangu 2024. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, iliweka nauli ya daraja la kawaida kwa shilingi 69.51 kwa kilometa, ndiyo maana Dar hadi Dodoma ni 31,000. Njia kuu ukiijumlisha vipande vyake, 205, 336, 294 na 411, unapata kilometa 1,246 hadi Kigoma. Zidisha: karibu 86,600. Kiwango kisipoguswa, basi, Dar hadi Kigoma haitakuwa chini ya 86,000, na sioni kikikaa bila kuguswa miaka yote hiyo. Nauli ya basi la kawaida ni 48.47 kwa kilometa, hivyo basi litabaki nafuu kwa pesa. Treni itashinda kwa muda: ikishika mwendo wa wastani inaoufanya hadi Dodoma, ni saa 12 hivi, dhidi ya karibu siku mbili za reli ya zamani. Kutoka Tabora itakuwa kama 28,600 na saa nne. Watu wa Tabora ndio watakaofaidi kuliko wa Dar, na hili silisikii likisemwa.

Lakini treni inaishia stesheni. Haipunguzi hata lita moja kati ya zile 60. Itakachofanya ni kuleta watu wa kugawana boti, na hapo spesho ya mtu mmoja inaweza kugeuka ya watu sita bila kusubiri. Uwanja wa ndege ukipanuliwa nao utafanya kazi hiyohiyo kwa wenye pesa zaidi.

Mahale itabadilishwa na meli. Liemba iliposafiri ilikuwa inawashusha abiria Lagosa usiku wa manane, karibu na hifadhi, kwa nauli ya daraja la tatu. Lita 300 zilikuwa zinafutika. Ikirudi na ratiba inayotabirika, Mahale itakuwa safari ya mtu wa kawaida kwa mara nyingine. Ratiba ndiyo neno zito hapo. Meli ya kila wiki mbili inakulazimisha kulala huko wiki mbili au kurudi kwa spesho.

Viingilio naona vikipanda, hasa Gombe. Hifadhi ni ndogo, vijiji vimeibana, sokwe wake ni kama mia moja, na kikomo cha watu sita kwa saa moja hakiwezi kulegezwa. Mahitaji yakipanda bila nafasi kuongezeka, kinachosogea ni bei. Uganda wanatoza wageni dola 250 kufuatilia sokwe Kibale tangu Julai 2024, na wenye mamlaka yetu wanajua kusoma.

Kwa sasa, anayetoka Tabora apange kufika Kigoma Jumanne usiku. Boti ya Kibirizi Jumatano mchana, msituni Alhamisi, kurudi Ijumaa asubuhi. Akiondoka Kibirizi Ijumaa atafuatilia sokwe Jumamosi, Jumapili hakuna boti, na hadi Jumatatu asubuhi atakuwa bado Kasekela akilipia banda.