Kambi ya Agosti, Menengai: soko limefaulu, kuagana kumeanguka

Kambi hii ya siku sita huwapokea watoto wa miaka 10 hadi 15 kutoka makao ya watoto na familia za malezi ya kambo, juu ya mji wa Nakuru, upande wa Menengai. Haya ni kwa matroni na walezi wanaopima kama wawapeleke watoto.

Kipindi cha soko ndicho kinachoibeba kambi nzima. Kikundi cha watoto wanane hupewa shilingi 800 na karatasi tupu: wapange chakula cha jioni, wanunue, wapike, warudishe chenji na hesabu yake. Mtoto wa makao anajua kusugua sufuria ya watu hamsini, lakini huenda hajawahi kushika noti mbele ya mama mboga, kwa kuwa kwao chakula hutoka stoo kikiwa kimeshapimwa. Basi hunyakua fungu la kwanza la nyanya, nyekundu juu, zilizopondeka chini. Kiongozi hafungui mdomo. Jioni mboga ikikosa nyanya, kesho yake mnunuzi hugeuza fungu kwanza ndipo alipe.

Ugali husongwa kwa kilo moja na nusu ya unga kwa lita tatu za maji. Madonge huja unga ukimwagwa wote kwa pamoja. Ubichi huja wakiepua kwa haraka, bila kuufunika dakika chache moto ukiwa mdogo. Na haya si mapambo. Mkakati wa taifa wa mageuzi ya malezi, wa 2022 hadi 2032, unawarudisha watoto kwenye familia, na kwa shangazi kule Vihiga hakuna stoo.

Malazi ni safi. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Agosti baridi yake haina masihara, ilhali watoto wa Kisumu hufika na shuka moja. Wape blanketi mbili na soksi. Jiko haliingii bwenini hata likibaki na makaa machache, maana hewa yake ya sumu haina harufu na huua waliolala. Magodoro yote yana kava ya plastiki, si ya wanaokojoa kitandani peke yao, na kila asubuhi wote huanika blanketi, hivyo aliyelowesha hajulikani. Dawa nazo zina busara hiyohiyo: usiku foleni ya nesi ni moja, mwenye dawa hunywa, asiye nayo hupimwa joto. Makao mengi yangeiga hilo kesho.

Kinachokera ni vikundi kupangwa kwa umri tu. Fomu haiulizi kama mtoto ana ndugu katika makao mengine, kwa hiyo ndugu wawili waliotenganishwa wanaweza kuonana kwenye foleni ya chakula, basi.

Siku ya sita ndiyo mbovu zaidi: hotuba, vyeti, picha, basi likapiga honi. Mtoto aliyehamishwa mara kadhaa huanza kumchokoza rafiki yake tangu siku ya tano, ili yeye ndiye aache kabla hajaachwa. Viongozi wa kujitolea, wengi wao wanafunzi wa chuo, huona utovu wa nidhamu na kumtoa mchezoni, yaani anaachwa mapema zaidi. Wengine huahidi, “Nitakuja kukutembelea,” na hawaji. Kuagana kungeanza siku ya nne: kila mtoto aandike jina la makao ya rafiki yake na simu ya matroni, na walezi wapange Jumapili moja kila mwezi ya kupigiana simu. Kundi la WhatsApp la wasimamizi lipo, ila limejaa picha na pongezi tu.

Ukiomba nafasi, andika nyuma ya fomu jina la ndugu, umri wake na makao aliko, uombe wawekwe pamoja, na usubiri jibu la maandishi. Idhini ya afisa wa watoto ianze kutafutwa mapema Julai. Nauli ya kutoka Kisumu au Kakamega haimo kwenye ada.