Uzoefu Wangu: Kufunga Darubini, Mpira wa Kitako na Mkanda kwenye Lee-Enfield Na. 4

Bunduki ninayoizungumzia ni Lee-Enfield Na. 4 Mk I* iliyotengenezwa mwaka 1943 katika kiwanda cha Long Branch, karibu na Toronto nchini Kanada, na ilihamishiwa kwangu kwa utaratibu wa leseni kutoka kwa baba yangu mkubwa, ambaye macho yake hayamruhusu tena kulenga. Inatumia risasi za .303, magazini yake, yaani kisanduku cha risasi, inachukua risasi 10, na mbao zake karibu zote ni zile ilizotoka nazo kiwandani. Naitumia kwa kulenga shabaha tu, katika uwanja unaoruhusiwa. Ninaishi Mbezi Beach, mahali ambapo upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini, na jambo hili nalitaja mapema kwa sababu tathmini nyingi za vifaa vya nyongeza huandikwa na watu wa nchi kavu na za baridi, ilhali kifaa kinachosifiwa huko kinaweza kuharibu chuma cha mtu wa pwani ndani ya masika moja.

Sharti langu lilikuwa kwamba hakuna tundu jipya litakalotobolewa, wala hakuna mbao itakayokatwa. Babu zetu wengi wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walikwenda Burma mwaka 1944, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwa na bunduki za ukoo huu, na kwangu mimi silaha ya aina hiyo iliyobaki katika hali yake ya asili ina thamani ambayo keekee huifuta kwa dakika chache. Zaidi ya hapo kuna suala la leseni. Namba ya bunduki hii imegongwa upande wa kushoto, kwenye shingo ya chuma inayoshika kitako, yaani mbao ya nyuma inayoegemea begani, na ndiyo namba ambayo askari polisi ataisoma siku ya ukaguzi. Kifaa chochote kinachoifunika au kuikwangua sikukitaka hata kwa bei ya bure.

Nianze na kibebeo cha darubini, kwa kuwa ndicho kilichonigharimu fedha nyingi na fikra nyingi. Nilikinunua kupitia muuzaji wa silaha mwenye leseni, na kinauzwa kwa ahadi kwamba hakihitaji kutoboa. Nyuma kinakaa mahali pa kilengeo, kikishikwa na pini inayopita katika matundu yale yale ya kilengeo cha asili. Mbele kinabana kwenye daraja la kupakia, yaani lile tao la chuma ambamo klipu ya risasi 5 husimamishwa wakati wa kujaza magazini. Kazi ya kufunga nilimwachia fundi bunduki, mzee mwenye kibali cha kazi hiyo, nami nikakaa pembeni kutazama. Kabla ya yote alitoa boliti, yaani komeo la chuma linalosukuma risasi ndani, na magazini, akahakikisha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, ndipo akaanza kugonga taratibu ile pini ndogo inayozuia pini kuu ya kilengeo. Chini ya kilengeo kuna kijiti kidogo cha chuma na springi yake, vitu viwili ambavyo mtu akiviachia vinaruka na kupotea sakafuni. Mzee alivifunika kwa kidole gumba, akavitoa pamoja, akavitia katika kifuko cha nailoni pamoja na pini zote mbili na kunikabidhi.

"Mwanangu, hiki kifuko ukitunze kama leseni yako," aliniambia. "Siku ukiuchoka huu mzigo wa juu, bunduki inarudi kama ilivyozaliwa."

Kibebeo chenyewe hakikukaa vizuri mara ya kwanza. Upande wa mbele kulikuwa na nafasi ndogo kati yake na daraja, na mzee akalazimika kupiga tupa kwenye kibebeo, bila kuigusa bunduki, mpaka kikalala sawasawa. Simlaumu mtengenezaji moja kwa moja kwa hili, kwani bunduki za Na. 4 zilitengenezwa katika viwanda kadhaa vya Uingereza, Kanada na Marekani chini ya shinikizo la vita, na vipimo vya sehemu za nje vinatofautiana kidogo. Hata hivyo, maelekezo yaliyomo katika boksi yanadai kwamba mnunuzi atakifunga kwa bisibisi peke yake, na dai hilo si la kweli kwa bunduki yangu.

Uwanjani, kwa umbali wa mita 100, risasi za mwanzo zilikusanyika vizuri kuliko nilivyowahi kupata kwa kilengeo cha asili, na kwa muda nikaamini kwamba nimepata nilichokuwa nakitafuta. Kisha mkusanyiko ukaanza kuhama kuelekea juu na kulia. Skrubu za mbele zilikuwa zimelegea kwa mateke ya bunduki, na rangi nyeusi ya kibebeo ilikuwa imechubuka pale kilipokuwa kikisugua daraja. Tulizifunga upya kwa ile gundi ya bluu ya skrubu, ambayo bado inaruhusu kufunguliwa kwa bisibisi, na hali ikatengemaa; lakini tangu hapo huwa nazikagua skrubu kila ninapofika uwanjani. Inafaa kukumbuka kwamba Waingereza wenyewe, walipotengeneza Na. 4 (T) ya wadunguzi wao, hawakutegemea kubana tu: kampuni ya Holland & Holland ilifunga vipande viwili vya chuma ubavuni kwa skrubu na kuvilehemu, ndipo darubini ya Na. 32 ikapata mahali imara pa kukaa. Kibebeo kisichotoboa hakiwezi kufikia uimara huo, na anayekinunua akubali tangu mwanzo kwamba anabadilishana uimara kwa uhalisi. Mimi nimekubali.

Yapo mambo mengine mawili ambayo muuzaji hakuyasema. Darubini ikishakaa juu ya daraja, klipu haziingii tena, hivyo risasi zinapakiwa moja moja kwa vidole. Na kwa kuwa jicho linapanda juu kuliko kilengeo cha asili kilivyokusudia, shavu linabaki hewani bila kugusa kitako, na shavu lisilo na mahali pa kuegemea haliwezi kurudi pale pale kila risasi. Na. 4 (T) ilikuwa na kipande cha mbao kilichofungwa juu ya kitako kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nilitumia mto wa ngozi unaofungwa kwa kamba, nao unafanya kazi nzuri, ila wakati wa masika huota ukungu usipofutwa na kuanikwa kivulini.

Mpira wa kitako ni ule wa kuvalisha kama soksi, usio na skrubu. Kitako cha bunduki hii kina bamba gumu la shaba ambalo bega hulihisi baada ya muda, na mpira umepunguza maumivu kwa kiasi kinachoonekana. Kasoro yake iko katika hali yetu ya hewa: jasho na unyevu hunaswa kati ya mpira na bamba, na bamba la shaba huanza kufanya ukijani wakati mbao inayolizunguka inavimba. Tena unafunika kifuniko kidogo cha bamba, ambacho ndani yake hukaa kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Kwa hiyo mpira huu nauvalisha uwanjani na kuuvua kabla ya kufunga safari ya nyumbani. Unaongeza pia urefu wa karibu sentimita 2.5, ambao kwangu mimi mwenye mikono mirefu ni faida. Kwa mtu anayetafuta urefu tu, namshauri kwanza atafute kitako cha asili chenye alama ya L, kwa kuwa jeshi lilitengeneza vitako vya urefu tofauti kulingana na umbo la askari. Mwenye bunduki ya zamani zaidi, Na. 1 Mk III, asikubali kitako kifunguliwe kabla ya mbao ya mbele kutolewa, kwani ncha ya boliti ya kitako, ile skrubu ndefu inayokishika, huingia katika mbao hiyo, na kuizungusha boliti wakati mbao ya mbele bado iko mahali pake huipasua.

Mkanda ndio ulionifurahisha bila masharti. Ni wa turubai nzito, upana wa milimita 32, wenye vibanio vya shaba kwenye ncha zote mbili, kwa mtindo ule ule wa jeshi la Uingereza. Hauhitaji fundi: unapita katika pete za bunduki, kibanio kinarudi kuushika mkanda wenyewe, na kazi imekwisha. Niliupendelea kuliko wa ngozi kwa sababu turubai hufuliwa kwa maji na sabuni, hukauka kwa jua la asubuhi, na haishiki ukungu kwa haraka. Haujalegea wala kunyofoka uzi.

Baada ya kila matumizi nafungua skrubu za juu za kibebeo, napaka mafuta mepesi chini yake, kwa sababu kutu ya pwani huanzia pale macho yasipofika, kisha nafuta mbao kwa mafuta ya kitani kidogo sana. Kwa mpangilio wangu wa ununuzi, anayeanza anunue mkanda, kisha mpira wa kitako, na kibebeo akiache mpaka awe amezoea kilengeo cha asili, kwa kuwa kwa umbali wa mita 100 kilengeo hicho kinatosha kwa mtu mwenye macho mazuri. Kibebeo nakipa alama tatu kati ya tano, mpira wa kitako alama tatu na nusu, na mkanda alama tano.