Kioo cha sonara kwa kazi ya ndago za mlimani

Kioo hiki kidogo cha kukuzia, cha kukunja, nilikinunua kwa shilingi 700 katika duka moja la vifaa vya masonara mjini Malindi, si kwa ajili ya dhahabu bali kwa ajili ya ndago. Ninasomesha biolojia, na wanafunzi wangu huanza kuzijua ndago kwenye ukingo wa Mto Sabaki; mwaka huu tulijaliwa kufika Mlima Kenya, ambako jamii hiyo ya mimea ina sura nyingine kabisa.

Lawama niitoe mapema. Ubavuni pamechorwa 30, yaani kinakuza mara 30, na hilo si kweli. Ukigawanya milimita 250 kwa ukuzaji, unapata umbali ambao kioo hutoa picha safi, na kwa mara 30 umbali huo haufiki milimita 9. Changu nilikipima kwa rula nikapata 25, maana yake ni mara 10. Nilipomrudia muuzaji alicheka: "Mwalimu, hata masonara wanalijua hilo."

Hata hivyo, mara 10 zinatosha. Shina la pembe tatu halihitaji kioo, kwani ukiliviringisha kati ya vidole utazihisi pembe zenyewe. Taabu iko kwenye suke. Katika ndago za Sabaki za jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) Cyperus, kokwa hukaa wazi kwenye kwapa la gamba lake. Katika Carex, jenasi yenye spishi takriban 2,000 ambazo nyingi hupenda baridi, kokwa hufungwa ndani ya kifuko chenye umbo la chupa, na nyuzi mbili au tatu zinazopokea chavua huchomoza mdomoni mwake. Katika bonde la majimaji huko mlimani tuliinamia mafungu ya Carex monostachya yaliyoinuka kama vichuguu, tukatazama bila kuchuma kwa kuwa ndani ya hifadhi huchumi bila kibali, na chupa ile ilionekana bayana, ingawa pembezoni mwa kioo picha hufifia.

Kasoro nyingine ni pini ya bawaba, ambayo hewa ya chumvi imekwisha kuitia kutu.

Mnunuzi asitarajie, lakini, kwamba kioo chochote kitamaliza hoja ya uainishaji. Ndago za Kobresia za milima ya Asia zilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa jenasi mbali na Carex kwa sababu kifuko chao kwa kawaida kiko wazi upande mmoja, tofauti ambayo hata kioo cha namna hii kingeionyesha. Vinasaba vilipolinganishwa, ilidhihirika kwamba Kobresia, pamoja na Schoenoxiphium za milima ya Afrika, zimechipuka ndani ya ukoo wa Carex wenyewe, na mwaka 2015 wataalamu wakaziunganisha zote. Kifuko hakikudanganya, sisi ndio tuliokipa uzito usio wake. Ndiyo maana sasa, tukichuma Sabaki, kando ya kila mmea unaobanwa na kukaushwa tunatia kipande cha jani katika chembe za silika zinazofyonza unyevu, kwani jani likikauka upesi vinasaba havimeng'enyeki, na siku ikipatikana maabara kitakuwepo cha kupimwa.

Nimeagiza vioo vingine vinne kwa ajili ya darasa, na safari hii nimepatana bei ya mara 10.