Kuhamisha jengo la posta la mbao upande wa Molo: uzoefu wangu na mafundi

Nawapa mafundi hawa nyota nne kati ya tano. Kazi yao ilikuwa kung'oa posta ya zamani ya mbao na mabati iliyokuwa imesimama kwenye hifadhi ya barabara, waisimamishe upya katika uwanja wa shule iwe maktaba. Majengo ya aina hii yamebaki machache, na likishavunjwa ovyo halirudi tena, kwa hivyo naeleza kwa kirefu.

Posta za huku Kenya zilifuata reli. Njia iliyotoka Nakuru ikapanda milima ya Mau ilifika Kisumu Desemba 1901, na miji kama Njoro, Elburgon na Molo ikakua kando ya stesheni. Mbao zake kwa kawaida ni mtarakwa na podo za misitu ya karibu, nayo mabati yaliletwa kutoka ng'ambo.

Anza na karatasi. Jengo likiwa limetangazwa rasmi kuwa turathi chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006, huwezi kulisogeza bila idhini. Kibali cha ujenzi cha kaunti unakihitaji kwa vyovyote. Chunguza pia hati ya kiwanja: Shirika la Posta na Simu liligawanywa 1999, Posta ikawa peke yake na Telkom peke yake, kwa hivyo neno "Posta" juu ya mlango halitoshi kukuonyesha mwenye mali.

Kwenye kuvunja, hawa ni mafundi kweli. Kila ubao ulipigiliwa kibati cha alumini upande wa ndani, chenye herufi ya ukuta na namba ya safu kuanzia chini. Chaki haifai, mvua moja ya Molo inaifuta yote. Mabati waliyatoa kwa kukata vichwa vya misumari, hawakuyakwanyua kwa nyundo yenye makucha, kwa sababu ukikwanyua tundu linapasuka na bati halifai tena. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanatupa mabati ya zamani na kununua mapya ya geji 30 (geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba). Yale ya zamani yalikuwa geji 24, mazito karibu maradufu, na yakipakwa rangi ya kuzuia kutu bado yana maisha marefu. Sharti ni moja: pao, yaani mbao zinazobeba mabati, zirudi kwenye nafasi zilezile. Zikihama hata inchi moja, utatoboa matundu mapya na yale ya kwanza yatavuja.

Rangi ya zamani usiichome wala kuipiga msasa mkavu. Nyingi ya enzi hizo ina risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ilowesheni, ikwanguliwe ikiwa na maji, na maganda yakusanywe kwenye turubai.

Mtarakwa haupendwi na mchwa lakini hupasuka upesi. Toboa kwa keekee ya milimita 3 kabla ya kupigilia. Podo nayo dumuzi huila kwa ndani huku uso ukionekana mzima. Igonge kwa mpini wa tindo. Ikitoa sauti ya uwazi, badilisha kipande hicho tu, si ubao wote. Nguzo za awali zilikuwa zimeoza pale zinapokutana na udongo, ndiyo maana safari hii jengo limekaa juu ya vigingi vya zege vyenye urefu wa milimita 450 juu ya ardhi. Kila kigingi kina kofia ya bati iliyokunjwa kingo kuelekea chini. Kofia haiui mchwa. Inamlazimisha ajenge njia yake ya udongo kwa nje, mahali unapoiona ukaibomoa.

Nyota niliyoipunguza ni kwa sababu ya sakafu. Mbao zake hushikana kwa ulimi na mfereji, ulimi wa ubao mmoja ukiingia katika mfereji wa mwingine, nao walizirundika chini ya nailoni bila vijiti katikati. Unyevu ukabaki ndani, nyingine zikapinda, na ndimi kadhaa zikavunjika wakati wa kuzirudisha. Panga kila safu juu ya vijiti vya inchi moja, funika kwa mabati juu tu, pembeni paachwe wazi hewa ipite.

Sasa matumizi mapya, na hapa nasimama imara. Posta si kuta. Posta ni kaunta, ukuta wa masanduku ya barua ya wateja, visanduku vya kupangia barua nyuma yake na tundu la barua upande wa nje, vyote vikitazamana kama mfanyakazi mmoja alivyohitaji kuvifikia. Fundi mkuu alipendekeza masanduku yang'olewe kwa kuwa hakuna kitabu kinachoingia. Tulikataa. Leo yanahifadhi kadi za wasomaji, kila mmoja na namba yake, na kaunta inatoa vitabu pale palipouzwa stempu. Uso wa kaunta ulisafishwa kwa sabuni na kupakwa nta. Haukupigwa randa, maana mabonde yaliyochimbwa na viwiko vya watu ndiyo historia yenyewe. Tundu la barua lizibwe kwa ubao upande wa ndani, la sivyo mtu atatumbukiza barua halisi na haitafika. Na bao la jina lisiongezewe msimbo wa posta wa Molo, 20106. Misimbo ya tarakimu tano ilikuja baadaye sana.

Kuhusu malipo, gawanyeni mara tatu: kuvunja, kusimamisha, kumaliza. Fungu la mwisho tulilishikilia hadi masika yapite, na ni wakati huo paa lilivuja kwenye kona moja. Walirudi wakalirekebisha bila kudai nyongeza.