Kishikwambi Kisichofungua Kila Video: Uzoefu Wangu wa Kuvinjari

Nina vishikwambi viwili ninavyovitumia kuvinjari karibu kila siku. Kimoja ni cha zamani na hakipokei tena masasisho ya mfumo. Kingine ni kipya, cha bei ya chini. Vyote viwili vina kioo safi, na betri zake zinaniridhisha. Lakini baada ya kuvitumia kwa muda mrefu kusoma, kutazama masomo na kusikiliza sauti, nina neno ambalo matangazo ya bidhaa hizi hayalisemi: kinachoamua kama kishikwambi kinafaa kwa intaneti ni aina za faili za picha, sauti na video ambazo kivinjari na chipu yake vinaweza kuzifungua. Ukubwa wa kioo na wa hifadhi vinafuata nyuma kabisa.

Tatizo hili lina tabia ya kujificha. Ukurasa unafunguka, maandishi yanasomeka, halafu penye video unakuta mraba mweusi. Mara sauti inasikika bila picha. Mara kiduara kinazunguka tu, mtu anadhani mtandao umelegea, anasogea dirishani, anazima data na kuiwasha tena, na bando linazidi kwenda. Picha nazo huacha pengo jeupe lenye maelezo mafupi. Ni nadra sana ukurasa kusema waziwazi kwamba kifaa chako hakiielewi faili hii. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu mtumiaji anakosa hata pa kuanzia kutafuta dawa.

Kishikwambi cha zamani ndicho kilichonifungua macho. Kivinjari chake kiliishia kwenye toleo la kabla ya AVIF, aina ya picha iliyozaliwa na teknolojia ya video ya AV1. Chrome ilianza kuifungua AVIF mwaka 2020, Safari ya Apple mwaka 2022. Tovuti zinaipenda kwa kuwa picha inakuwa nyepesi kuliko JPEG na bado inabaki safi. Kwangu maana yake ni kwamba nafungua makala ndefu, naikuta nzima, ila picha hakuna hata moja. Kisha nafungua tovuti nyingine kwenye kifaa hichohicho na kila kitu kinaonekana sawasawa. Tofauti iko kwenye mikono ya waliotengeneza ukurasa. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, inawaruhusu kuorodhesha faili kadhaa za picha moja: AVIF itangulie, WebP ifuate, JPEG ikae mwisho, na kivinjari kinachukua ya kwanza kinayoielewa. Video nazo zinawekwa kwa mtindo huohuo. Ni mistari michache ya ziada pamoja na nafasi kidogo kwenye seva, lakini ndiyo inayotenganisha msomaji aliyehudumiwa na msomaji aliyetelekezwa. Tovuti zinazofanya hivyo nazishukuru kwa dhati, na nimekuwa nikirudi kwao kuliko kwingine.

Jambo linalowachanganya wengi ni kuona video mbili, zote MP4, kutoka tovuti moja, moja inacheza na nyingine inagoma. MP4 au WebM ni kama bahasha: unaiona kwa nje, lakini haikwambii barua iliyomo imeandikwa kwa lugha gani. Lugha hiyo ndiyo kodeki, yaani namna video ilivyobanwa. Ndani ya MP4 inaweza kuwamo H.264 ya mwaka 2003, ambayo karibu kila kifaa kinaifahamu. Inaweza pia kuwamo H.265 ya mwaka 2013, au AV1 ya mwaka 2018. Kishikwambi changu cha zamani kinaifahamu ya kwanza, na kwa hizo nyingine kinabaki na mraba mweusi. Hata kivinjari chenyewe hakijiamini sana katika hili. Ukurasa ukikiuliza kwa JavaScript, lugha ya programu za ndani ya ukurasa, kama aina fulani ya faili itacheza, hakina jibu la ndiyo. Kina "huenda sana", kina "labda", na kina jibu tupu lenye maana kwamba haiwezekani.

Mvutano huu una mizizi yake kwenye hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi. H.264 na H.265 zina hataza zinazodai leseni. Google ikaja na WebM mwaka 2010 ikiwa ya kutumiwa bila malipo, na mwaka 2015 kampuni kadhaa kubwa zikaunda Alliance for Open Media, ambayo kazi yake ikazaa AV1. Naunga mkono kabisa wazo la kodeki huru. Ila kila kundi lilipokuwa likisukuma aina yake, mwenye kifaa cha kati alikuwa ndiye anayekosa somo.

Kwenye sauti hadithi imekwenda vizuri zaidi. Miradi ya Wikimedia, ikiwamo Wikipedia, imeshikilia kwa miaka mingi msimamo wa kutumia aina huru kama Ogg na WebM, na Safari ilikuwa haizifungui. Badala ya kuwaacha watumiaji wa Safari, waliandaliwa ogv.js, programu inayofanya kazi ndani ya ukurasa wenyewe na kuicheza faili ambayo kivinjari kimeshindwa nayo. Kisha mwaka 2017, hataza za MP3 zilipokuwa zimekwisha muda wake, Wikimedia ikaanza kupokea MP3 pia. Leo nasikiliza matamshi ya maneno na milio ya ndege kwenye kishikwambi cha zamani bila shida. Huo ni mfano wa watu kushika msimamo wao na bado kumfikiria aliye na kifaa cha nyuma.

Siwezi kuzungumzia jambo hili bila kugusa Flash, teknolojia ya Adobe iliyokuwa ikiendesha michezo, michoro na video ndani ya kivinjari. iPad ilipotoka mwaka 2010 haikuwa na Flash, na Aprili mwaka huo Steve Jobs, mkuu wa Apple, alichapisha barua ya wazi akitaja sababu zake, zikiwamo usalama, ulaji wa betri, na kwamba Flash iliundwa kwa ajili ya kipanya na si vidole. Vishikwambi vya Android viliipata, lakini Novemba 2011 Adobe ikatangaza kuacha kuiendeleza kwenye vifaa vya mkononi. Mwisho wake kamili ulikuwa tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 kicheza Flash chenyewe kikazuia faili zake zisifunguke. Kiufundi nakubali kwamba ilipaswa kuondoka. Kinachoniuma ni masomo ya sayansi ya miaka ile, yale ya kusogeza sayari na kuunganisha nyaya za umeme kwenye kioo, ambayo mengi hayakuwahi kuandikwa upya.

Hapa Ruffle imenifaa mno. Ni programu huru inayoiga Flash ndani ya kivinjari, na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, imeitumia tangu Novemba 2020 kufufua michezo na michoro ya zamani. Kwenye kishikwambi kipya michoro mingi inacheza vizuri, hasa ile iliyoandikwa kwa matoleo ya mwanzo ya ActionScript, lugha ya programu ya Flash. Ugumu unakuja penye kitu kinachosubiri mshale wa kipanya upite juu yake bila kubofya. Kidole hakiwezi kuelea hivyo, kwa hiyo kitufe kinakataa, au maelezo hayatokezi. Michezo inayodai vitufe vya kibodi nayo inahitaji kibodi ya Bluetooth. Hata hivyo, kati ya kuwa na somo lenye kasoro na kutokuwa nalo kabisa, nachagua lenye kasoro.

Kishikwambi kipya kina tatizo la namna nyingine. Kivinjari chake kinafahamu kila kitu, AV1 ikiwamo, lakini chipu haina sehemu maalumu ya kuifungua. Kazi yote inabebwa na prosesa ya kawaida. Video ndogo inapita. Nikipandisha ubora, mgongo wa kifaa unapata joto, picha zinarukaruka, na chaji inashuka haraka. Kwenye programu ya YouTube unaweza kuwasha taarifa za kina za video na kuona kodeki inayotumika: avc1 ni H.264, vp09 ni VP9 (kodeki huru ya Google), av01 ni AV1. Mipangilio ya akaunti ya YouTube ina sehemu ya kuchagua AV1 itumike kwa kiasi gani. Nimeipunguza, na joto limetulia. Gharama yake ni data zaidi kwa ubora uleule, kwa sababu kodeki za zamani hazibani faili vizuri kama AV1. Kwa mtu anayehesabu bando, huo si uamuzi mwepesi, na ninaona vibaya kwamba mnunuzi wa kifaa cha bei ya chini ndiye anayelazimika kuufanya.

Kuna na filamu za kulipia. Huduma nyingi huzilinda kwa Widevine, mfumo wa Google wenye viwango vitatu, L1 hadi L3. Kifaa cha L1 hufungua video ndani ya sehemu salama ya chipu. Cha L3 hutegemea programu tu, na huduma nyingi hukipunguzia ubora hadi 480p. Changu ni L3. Kioo kinaweza kuonyesha picha kali sana, nimelipia huduma kama wengine, na bado filamu inakuja na ukungu. Kwenye sanduku halikuandikwa neno lolote kuhusu hilo. Nakata alama nyingi hapa kuliko mahali pengine popote.

Kuhusu dawa, zile zinazofanya kazi kweli ni chache. Kubadili kivinjari kunasaidia kwenye Android, kwa kuwa Firefox ina injini yake ya kufungua kurasa, tofauti na ya Chrome. Kwenye iPad vivinjari vyote vililazimika kutumia WebKit, injini ya Apple, mpaka sheria ya Umoja wa Ulaya ilipofungua mlango kwa nchi zake mwaka 2024, kwa hiyo kubadili jina la kivinjari hakukubadilisha faili zinazofunguka. Kuomba ukurasa wa kompyuta kunafanikiwa mara chache. Njia ninayoitegemea ni kushusha faili, pale mwenye tovuti anaporuhusu, na kuicheza kwa VLC, programu huru ya kucheza video. Ina kodeki zake yenyewe, na AV1 inafunguliwa kwa dav1d, kazi ya VideoLAN, watu haohao wanaotengeneza VLC. Kishikwambi cha zamani kimefungua kwa njia hiyo masomo ambayo kivinjari chake kiliyakataa kabisa.

Kwa anayesoma maandishi na kutazama video za kawaida, kifaa kama hiki changu kipya kinatosha, nakipa nyota tatu kati ya tano. Anayetaka filamu za kulipia asikichukue. Nitakapotafuta kingine nitauliza kama chipu inafungua AV1 yenyewe, mfumo utasasishwa hadi mwaka gani, na Widevine ni ya kiwango kipi. Hilo la mwisho linaonekana kwa programu ndogo za bure za kukagua mfumo, kwa hiyo hata kifaa kilichokwisha kutumika unaweza kukichunguza kabla hujatoa fedha yako.