Ilimba ya Chamwino: nimeitumia miezi mitano, naomba niseme ukweli

Wakuu mnaouliza kama hizi ilimba za kuchongwa Chamwino, ile ala ya Wagogo ya boksi la mbao lenye vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, zinafaa kununua au ni pambo la sebuleni tu, mimi ninayo toka mwezi wa nne na naipiga karibu kila siku, kwa hiyo ngoja niwape ninachokijua.

Kwanza mimi sio msanii. Ni mhasibu, ofisi yangu iko Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma, na aliyewahi kukaa kwenye hesabu za serikali anajua mwezi wa tano na wa sita ukoje, mwaka unafungwa tarehe 30 Juni, watu hawajarejesha masurufu, wakaguzi wana hoja zao, mfumo unagoma saa kumi jioni na hapohapo bosi anapiga simu yuko bungeni anataka takwimu ndani ya dakika tano. Mwaka jana ilifika mahali nikifumba macho naona vocha za malipo. Daktari akaniambia presha imeanza kupanda, nipunguze chumvi. Chumvi nikapunguza, vocha hazikupungua.

Ilimba nilipiga utotoni huko Mpwapwa, babu alikuwa na ndogo ya vyuma kumi na kitu, ya kutembea nayo machungani. Nilivoenda sekondari ya bweni ikaishia hapo, miaka 20 na ushee sijagusa. Mwaka juzi nilijaribu kinanda cha umeme, laki tatu na nusu dukani, lakini yani ikawa kama nimeongezewa kazi ya ofisi, adapta, waya, video za masomo zinakwambia usiendelee hatua ya tatu kama hujamaliza ya pili, umeme ukikatika ndo basi. Saivi watoto wanawekea madaftari juu yake.

Sasa twende kwa mzee anayezichonga. Chamwino ni kama kilometa 30 kutoka mjini ukishika barabara ya Dar. Nilimkuta amekaa na wenzie chini ya mti, nikawapa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, aliposikia mimi wa Mpwapwa akaniuliza babu yako alipiga ya vyuma vingapi. Ya hela ilikuja baadae kabisa. Bei laki na ishirini, nikajaribu kuishusha, haikushuka hata mia, akasema mjukuu wangu, hilo boksi peke yake limenikalisha siku nne.

Na boksi kweli limekaa sawa. Mbao nzito, haina gundi inayochungulia, vyuma 36 vya spoki za baiskeli na misumari iliyopondwa ikawa bapa. Vingine hupigi kabisa, vimewekwa tu, ukipiga vya jirani vyenyewe vinaitikia kwa chini chini, kama wale wajumbe wa kikao ambao hawasemi neno ila majina yao yamo kwenye mahudhurio. Nilidhani ni mapambo, siku moja nikavibana kwa kidole huku napiga, aisee sauti ikakauka yote, nikavirudishia heshima yao. Alafu kuna tundu dogo kwenye boksi, juu yake kabandika ule utando mweupe anaotagia buibui, ule mnaukuta kwenye kuta za nyumba za zamani umekaa kama stika. Huo ndo unaoleta mvumo, ile zzzz inayoifanya ilimba isikike kama kuna nyuki ndani.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa sauti zenyewe. Mhasibu ni mhasibu, nikashusha programu ya kupimia sauti kwenye simu, kila chuma ninachogusa inaniwekea nyekundu, mara nimezidi mara nimepungua, hakuna hata kimoja kilichobalansi. Jumamosi nikarudi Chamwino na malalamiko yangu. Mzee akaitazama simu, akaitazama ilimba, akaniuliza hiyo simu ni Mgogo? Wale wenzie walicheka mpaka nikacheka na mimi. Baadae ndo nikaelewa, sauti za Kigogo zinafuata zile zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi mmoja unaotikisika, na kuna moja inakaa chini kidogo kuliko ya kwenye kinanda, sasa ukiilazimisha ilingane na kinanda umeiharibu. Nimefanya usuluhishi wa benki, yani kulinganisha vitabu vya ofisi na vya benki mpaka tofauti iishe, miaka 14, hicho ndo kitu cha kwanza nimekutana nacho ambacho tofauti inatakiwa ibaki. Ile programu nikaifuta.

Matumizi ya kila siku: nikirudi kutoka Mtumba sisemi na mtu, nakaa kibarazani, simu inabaki ndani. Vidole gumba viwili vikishaanza huwezi kushika simu hata ukitaka, na hilo peke yake ni nusu ya dawa. Wiki mbili za kwanza gumba ziliota malengelenge na mke wangu akanipa jina la Baba Nyuki. Nyimbo za babu sikuwa nazikumbuka kichwani hata moja, lakini jioni moja vidole vikapita njia fulani vyenyewe, kushoto mara mbili kulia moja, nikajikuta nimesimama machungani nasikia kengele ya mbuzi. Sijui hata niielezeje.

Kasoro zipo. Vyuma viwili vililegea nikiwa nayo mwezi wa pili tu, ukipiga kwa nguvu vinateleza nje na sauti inashuka, mzee alinirekebishia bure ila nauli na siku ni yangu, na simu yake mara nyingi haipatikani. Kiangazi hiki cha Dodoma kimepasua ubao wa nyuma ufa mdogo, bado haujaharibu sauti. Mfuko hakuna, mke wangu kanishonea wa kitenge. Na msikimbilie zile kubwa, najua mmeona picha za marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki Mgogo wa kijiji cha Doda aliyefariki 2003, hizo kubwa zinafika vyuma 60 na kitu, za watu waliokaa nazo maisha yote. Anza na 20, 36 yenyewe inanizidi.

Nampa 8 kwa 10, moja nimekata kwa vile vyuma vilivyolegea, nyingine kwa utando, maana ule unachanika ukiugusa tu na mzee kasema wa kubadilisha nitafute mwenyewe. Ndo maana saivi dada wa nyumbani kapigwa marufuku kufagia ukuta wa stoo.