Inchi 65 kwa mpira na PS5: LG C3, Hisense U7K na TCL C645 kwa umeme wa Lubumbashi

Ukiingia dukani hapa mjini na kusema unataka kioo kikubwa cha mpira na mchezo, majina matatu hayakosekani: LG C3, Hisense U7K na TCL C645. Zote ni za 2023, kwa hiyo bei zimeshalegea. Nimezilinganisha kwa inchi 65, na ushauri wangu ni uanze na umeme wa nyumbani kwako kabla ya picha. C3 ina picha nzuri kuliko zote tatu, hilo halina ubishi. Hata hivyo, kwa nyumba nyingi za komuni zetu za Lubumbashi, kama Katuba, Kenya au Ruashi, nisingeipendekeza.

Sababu ni hii. C3 ni OLED: kila nukta inajitolea mwanga wake, ndiyo maana cheusi chake ni cheusi kweli. Lakini nukta hizo huchakaa kwa kutumika, na zile zinazoonyesha kitu kisichosogea, mfano nembo ya chaneli au kisanduku cha matokeo pembeni, huchakaa haraka kuliko jirani zake. Ili kupunguza tatizo hilo televisheni hujisawazisha yenyewe: ikishatumika saa 4 kwa jumla, ukiizima kwa rimoti inafanya kazi hiyo kwa dakika kama 10 ikiwa kwenye hali ya kusubiri. Sharti ni moja, prizi iendelee kuwa na umeme. Na sisi hapa tunafanya kinyume. Mechi ikiisha tunachomoa kila kitu kwa kuogopa volti za usiku, au umeme wenyewe unaondoka kabla hujashika rimoti. Usawazishaji unaahirishwa tena na tena, na siku moja unaiona nembo ya chaneli katikati ya filamu. Ukiitaka C3 kwa lazima, ichomeke kwenye UPS ndogo ya VA 650, yaani kisanduku chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika. Haitakutazamisha mechi nzima, lakini itatosha kwa hizo dakika chache za kusubiri. Na mtu anayeacha chaneli ya habari ikiwaka tangu asubuhi hadi jioni asinunue OLED, hata akiwa na umeme saa 24.

U7K ni mini-LED. Taa ndogondogo ziko nyuma ya kioo, zimegawanywa kwa maeneo yanayofifia na kung'aa kila moja peke yake. Haina hofu ya nembo. Mchana, dirisha likiwa wazi na jua la Septemba likiingia, inashinda C3 kwa mwanga, na mechi nyingi tunazitazama mchana. Udhaifu wake unaonekana usiku: maandishi meupe kwenye giza yana ukungu mdogo wa mwanga kando yake, na mtu aliyekaa pembeni kabisa anaona rangi zimepauka. Sebule ikiwa na viti ukutani pande tatu, kama tulivyozoea wageni wakija kwa ajili ya mechi ya timu zetu Mazembe na Lupopo, wa pembeni watalalamika. Kwenye C3 hawangelalamika.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawapendi ulifanye. Kabla hujalipa, omba waonyeshe mpira, siyo ile video ya dukani yenye maua na samaki. Tazama kamera inapofuata mpira kutoka goli hadi goli. Kwenye uwanja wa kijani kioo kibaya huonyesha mistari ya wima au madoa mapana yaliyofifia ambayo hayasogei na picha: majani yanapita, doa linabaki palepale. Ni taa za nyuma au kioo chenyewe kisicho sawa, na hakuna mpangilio wa menyu utakaoliondoa. Televisheni mbili za modeli moja zinaweza kutofautiana kabisa kwa hili, kwa hiyo kagua ileile utakayobeba, si ile iliyotundikwa. Halafu weka picha nyeupe tupu kwa flashi utafute nukta zilizokufa, na picha ya kijivu utafute pembe zilizo na giza. Muuzaji akikataa kufungua katoni, duka la pili liko hatua chache tu.

TCL C645 ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo inayochanganya watu. Katoni inataja 120 Hz, yaani kioo kubadilisha picha mara 120 kwa sekunde. Kioo chake ni cha 60 Hz. Hiyo 120 inapatikana kwa ujanja wa kupunguza mistari ya picha, yaani unapata kasi lakini unapoteza ukali. Pia taa zake za nyuma hazififishwi kwa maeneo, hivyo usiku cheusi ni kijivu. Lakini sitaitupa. Anayecheza mchezo wa mpira wa EA Sports FC tu, si mingine, kwenye PS5 (PlayStation 5) anacheza kwa fremu 60 kwa sekunde, na hapo 120 Hz haimuongezei kitu. Kwake kilicho muhimu ni mchelewesho kati ya kubonyeza na mchezaji kupiga, na ukiiweka kwenye hali ya mchezo mchelewesho huo ni mdogo. Ukiisahau kwenye hali ya sinema utaona pasi zinatoka baada ya muda, utailaumu padi bure. Wa Call of Duty na Fortnite, ambazo zina hali ya fremu 120, wanahitaji C3 au U7K.

Na ukishanunua, milango ya HDMI. C3 ina minne, yote inapitisha 4K kwa 120 Hz. U7K ina minne pia lakini miwili tu ndiyo ya kasi hiyo. Soma maandishi yaliyo kando ya kila tundu, dekoda iende kwenye ule wa kawaida. Kisha ingia kwenye mipangilio ya televisheni ufungue ishara kamili ya mlango ule: LG wanaiita HDMI Deep Colour, Hisense wana muundo wa HDMI ulioboreshwa. Usipofanya hivyo PS5 itasema kioo hakiwezi 120. Kwenye PS5 fungua Screen and Video, weka 120 Hz, VRR (kioo kufuata kasi ya mchezo) na ALLM (kioo kuingia chenyewe hali ya mchezo) kwenye otomatiki, kisha rekebisha HDR, yaani tofauti ya mwanga na giza. Picha ikizimika sekunde moja na kurudi, au ikatoa vimulimuli vyeupe, shuku waya kwanza. Tafuta wenye lebo ya Ultra High Speed, usizidi mita 2 au 3. Wakati unautafuta, shusha 4K Video Transfer Rate hadi -1, itatulia. Kwenye C3, VRR inaweza kufanya sehemu za giza zipepese. Zima VRR kwa mchezo huo tu.

Turudi kwenye umeme, maana ndio unaoua televisheni hapa. Waya wa nyutro ukikatika nguzoni, prizi ya volti 220 inaweza kupokea karibu 380. Stabilaiza ya dukani haizuii hilo. Nunua kinga ya volti inayokata chini ya 185 na juu ya 260, yenye kuchelewa kidogo kabla ya kuruhusu umeme uliorudi, uiweke kati ya prizi na stabilaiza. Stabilaiza ya VA 1000 inatosha televisheni, dekoda na PS5. Usiunganishe friji hapo.

Wa inveta, hesabu ni hii: U7K ikiwa wastani wa wati 150 na PS5 wati 200, jumla 350. Batri ya risasi ya 12 V, 200 Ah ina wati-saa (Wh) 2,400, lakini usishushe chini ya nusu, na inveta nayo inakula chake. Unabaki na kama 1,000. Hizo ni karibu saa 3 za mchezo. Kwa televisheni na dekoda peke yake, unapata saa 6 hivi. Inveta iwe ya wimbi safi (pure sine wave). Zile za bei ya chini hufanya televisheni ivume, na kifaa cha umeme ndani yake hupata moto.

Kuhusu intaneti: filamu ya 4K inaweza kumeza GB 7 kwa saa, na Netflix wanashauri kasi ya Mbps 15. Kwa bando la simu, funga ubora kwenye HD.

Umbali: inchi 65 ni upana wa sentimita 144, unakaa mita 2 hadi 2.7. Zaidi ya mita 3 chukua 75, ambayo ni sentimita 166, ila pima mlango na ngazi kwanza.

Katoni zilizotoka Marekani ziangalie kibandiko cha nyuma: nyingi zimeandikwa volti 120 tu, zikiguswa na 220 zimekwisha. Unataka iliyoandikwa 100–240 au 220–240, 50 Hz. Kubeba ni watu wawili, katoni imesimama, hata kama dereva wa teksi anasema italala vizuri kwenye kiti cha nyuma. Na mvua za Novemba zikianza, radi ikisikika chomoa pia waya wa dishi kwenye dekoda, siyo prizi tu. Radi hupita huko, inaingia kwenye HDMI na kuua mlango mmoja huku televisheni inaonekana nzima.